Umebadilisha monita na kioo hakieleweki? Soma hapa kabla hujamlipa fundi

Leo siasa tunaziweka pembeni kidogo, tuongee mambo ya mashine.

Hali yenyewe ni hii. Monita ya zamani imezima, umetafuta nyingine, labda mpya, labda ya mtumba, umeichomeka. Badala ya picha safi unapata kioo cheusi, au maandishi "Out of range", au herufi kubwa kama za bango la barabarani, au picha iliyovutwa mpaka sura za watu zimekuwa pana kama sahani. Wengi hapo hapo wanasema monita ni mbovu. Wanairudisha dukani, au wanamwita fundi, hela inatoka.

Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna kilichokufa. Kompyuta inatuma picha kwa kipimo kimoja, monita inataka kipimo kingine, basi. Ukivijua vitu vitatu tu, yaani rezolusheni, Hz na aina ya waya, matatizo mengi ya namna hii unayamaliza mwenyewe bila kununua kitu.

Na hili si suala la urembo. Mtu anajaza fomu ya mkopo wa HESLB, siku ya mwisho ndo leo, kioo kimewekwa kipimo kidogo mpaka kitufe cha kutuma kimejificha chini, hakionekani. Anadhani mtandao ndo mbovu, kumbe ni kioo. Kwa mwenye kafe nako ni hivyo hivyo, mashine moja ikikaa giza siku nzima ni kiti kimoja hakiingizi kitu.

VITU VITATU VYA KUJUA

Rezolusheni. Kila monita ya flati, iwe LCD au LED, imetengenezwa na idadi maalumu ya vidoti, ndo hivyo vinaitwa pikseli. Idadi hiyo haibadiliki. Monita ya 1920x1080 ina vidoti 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla ni 2,073,600. Ukiilisha picha ya 1024x768 inabidi iitanue picha hiyo ili ijaze vidoti vyote, na kwa kuwa hesabu haigawanyiki vizuri, herufi zinapata ukungu. Ndo maana flati huwa ina kipimo kimoja tu cha haki, kile ilichozaliwa nacho. Zile za chogo za zamani zilikuwa tofauti, zilikubali vipimo kadhaa bila kuonesha ukungu mkubwa.

Vipimo vinavyokutwa sana ni hivi:

- Inchi 15 ya mraba: 1024x768
- Inchi 17 na 19 za mraba: 1280x1024
- Inchi 18.5 pana: 1366x768
- Inchi 19 pana: 1440x900
- Inchi 20 pana: 1600x900
- Inchi 22 pana za zamani: 1680x1050
- Inchi 21.5 mpaka 24 pana: 1920x1080, na baadhi ya inchi 24 ni 1920x1200
- Inchi 27: 1920x1080 au 2560x1440
- Zile zinazoitwa 4K: 3840x2160

Hiyo orodha ni ya kukuongoza tu. Uhakika unaupata kwa kusoma modeli kwenye kibandiko cha nyuma, kisha unaitafuta kwenye Google.

Hz. Hii ni idadi ya mara ambazo picha inachorwa upya kwa sekunde moja. Monita ya chogo ikiwa kwenye 60 Hz ilikuwa inapepesa na kuumiza macho, kwa hiyo watu waliipandisha mpaka 75 au 85. Flati haipepesi kwa namna hiyo, kwa kazi za kuandika na intaneti 60 inatosha kabisa. Flati nyingi za zamani mwisho wake ni 75 Hz. Sasa kama CPU ilizoea chogo na imebaki kwenye 85, ukiiwekea flati inagoma. Hapo ndo "Out of range" inapotokea, maana yake ni kwamba picha ninayoletewa imezidi uwezo wangu. Monita za gemu zinafika 144 Hz na zaidi, lakini hizo ni habari nyingine.

Waya. VGA ni ule wenye kichwa ambacho mara nyingi ni cha bluu, na tundu lake lina nafasi 15 za pini kwa mistari mitatu. Ulianza na kompyuta za IBM mwaka 1987, na mpaka leo bado unakutana nao. Huu hupeleka picha kama mawimbi ya umeme. HDMI na DisplayPort hupeleka picha kwa namba, ndo maana picha yake haina vivuli. Kama CPU ni ya zamani ina VGA tu na monita mpya ina HDMI tu, usinunue waya mtupu wenye kichwa cha VGA huku na HDMI kule. Hautafanya kazi. Unahitaji adapta yenye sakiti ndani, na iwe ya kutoka VGA kwenda HDMI. Ile ya kutoka HDMI kwenda VGA ni kitu kingine, haigeuzwi. DisplayPort nayo ni hivyo hivyo: waya wa kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita unafanya kazi, ukiugeuza haukubali.

KOMPYUTA INAJUAJE MONITA INATAKA NINI?

Ndani ya monita kuna taarifa fupi inaitwa EDID. Utaratibu huo uliwekwa mwaka 1994 na VESA, chama cha watengenezaji wa mambo ya vioo. Ukichomeka waya, kompyuta inasoma taarifa hiyo: jina la monita, vipimo inavyokubali, Hz zake. Sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu, lakini bila hiyo kompyuta inabaki kubahatisha.

Kwenye VGA taarifa hiyo inapita pini namba 12 na 15. Pini hizo zikivunjika au zikipinda, picha inakuja kama kawaida lakini kompyuta haijui imeunganishwa na nani. Inaamua kukupa 800x600 au 1024x768 kwa usalama. Kwa hiyo ukiona kipimo unachokitaka hakipo kwenye orodha, angalia waya kabla ya kulaumu Windows. Usiogope ukiona pini moja ya mstari wa kati haipo, pini namba 9 kwenye waya nyingi haikuwekwa tangu kiwandani. Zile adapta za kugawa picha kwenda monita mbili nazo wakati mwingine zinaizuia taarifa hii isipite.

KIOO CHEUSI KABISA: FUATA MSTARI HUU

1. Bonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Menyu ikitokea, au ukiona "No signal", monita ni nzima. Tatizo lipo kwenye waya, tundu au mipangilio.

2. Monita ikisema "No signal", angalia imechagua tundu gani. Nyingi zina kitufe cha "Input" au "Source". Ya mtumba inaweza kuwa imeachwa kwenye DVI huku wewe umechomeka VGA.

3. Angalia nyuma ya CPU. Kama ina kadi ya picha ya kuongezea, kuna matundu sehemu mbili: yale ya juu karibu na USB, na yale ya chini yaliyolala. Chomeka kwenye yale ya chini, ya kadi. Mashine nyingi zikiona kadi zinazima yale ya juu.

4. Zima mashine, uiwashe ukiwa unaangalia kioo. Hiki ndo kipimo kikubwa. Ukiona nembo ya kompyuta mwanzoni, halafu giza linakuja Windows inapoingia, basi waya mzima, monita nzima, kadi nzima. Ni mipangilio tu. Usikubali kuuziwa monita nyingine.

5. Kama hata nembo haionekani, jaribu waya mwingine, kisha jaribu monita kwenye mashine nyingine.

6. Kama monita inawaka taa lakini hamna kitu, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Ukiona picha kwa mbali kama kivuli, taa ya nyuma ya kioo imekufa. Hapo kweli ni kazi ya fundi.

KUITOA MASHINE KWENYE "OUT OF RANGE"

Mashine za sasa zikisoma EDID vizuri zinajirekebisha zenyewe. Zikikwama, una njia tatu.

Ya kwanza na rahisi: azima monita nyingine au TV inayokubali picha hiyo, ichomeke, shusha kipimo mpaka 1024x768 na 60 Hz, kisha rudisha monita yako. Ikiwaka, ndo unapandisha kwenda kipimo chake cha haki.

Ya pili ni kupitia Windows 10 au 11 bila monita nyingine. Washa mashine, na Windows inapoanza kuingia shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Kwa kawaida baada ya kukatizwa mara mbili au tatu mfululizo inaleta ukurasa wa matengenezo. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart". Ikileta orodha ya namba bonyeza 3, ambayo ni "Enable low-resolution video". Itaingia na picha kubwa kubwa lakini inayoonekana, nawe utarekebisha kutoka hapo. Angalizo: kama diski imefungwa kwa BitLocker inaweza kukudai namba ndefu ya kufungulia, kwa hiyo iwe nayo karibu. Na kama kuna njia ya kwanza, tumia hiyo, maana kuzima mashine kwa nguvu si tabia nzuri.

Windows XP na 7 zilishaachwa na Microsoft, XP tarehe 8 Aprili 2014 na 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini ukikutana nazo ni rahisi zaidi: gonga F8 mfululizo mashine inapowaka. Kwenye XP chagua "Enable VGA Mode", kwenye 7 chagua "Enable low-resolution video".

Ya tatu, kama giza limekuja ghafla ukiwa ndani ya Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kinapepesa mara moja na draiva ya picha inaanza upya. Haizimi programu zako. Ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows na P: inawezekana mashine bado inatuma picha kwa monita ya pili ambayo haipo tena. Kila ukigonga P huku Windows imeshikiliwa inahamia chaguo jingine, na yapo manne.

KUWEKA VIPIMO SAHIHI

Windows 10 na 11: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye sehemu tupu ya kioo, chagua "Display settings". Shuka mpaka "Display resolution", chagua ile iliyoandikwa "Recommended". Hiyo ndo iliyosomwa kutoka EDID. Kisha fungua sehemu ya "Advanced display" uangalie Hz, weka 60 kama huna sababu nyingine.

Windows 7: kitufe cha kulia, "Screen resolution". Hz zipo ndani ya "Advanced settings", kichupo cha "Monitor".

Windows XP: kitufe cha kulia, "Properties", kichupo cha "Settings", vuta kile kitelezi. Hz zipo ndani ya "Advanced".

Linux kama Ubuntu: fungua "Settings", kisha "Displays". Wanaopenda kuandika amri, kwenye mazingira ya X11 andika xrandr peke yake ikuoneshe jina la tundu na vipimo vinavyokubalika, halafu mfano: xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080 --rate 60. Badilisha HDMI-1 kwa jina ulilooneshwa. Kama mashine inatumia Wayland, amri hiyo haibadilishi kitu, tumia dirisha la "Displays".

Muhimu sana: ukibadilisha kipimo, Windows inakuuliza kama ubakize, na inahesabu sekunde 15. Kioo kikiwa giza usiguse kitu. Tulia. Zikiisha sekunde inarudi ilipokuwa. Wanaoharibu ni wale wanaogonga vitufe kwa wasiwasi, wanaweza kujikuta wamekubali giza.

PICHA IPO LAKINI HAIJATULIA

Vipimo vikubwa havipo kwenye orodha. Kama waya ni mzima, fungua "Device Manager" uangalie chini ya "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva ya kadi ya picha haipo. Ipate kwa Windows Update au kwenye tovuti ya waliotengeneza kompyuta au kadi hiyo. Zile programu za bure zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote ziepuke, nyingine zinakuletea matangazo na virusi.

Picha imevutwa au sura ni pana. Umbo halilingani, mfano 1024x768 kwenye monita pana. Weka kipimo cha haki.

Picha imesogea pembeni au herufi zinatetemeka, na unatumia VGA. Fungua picha iliyojaa kioo chote, kisha bonyeza "Auto" au "Auto adjust" kwenye monita.

Kioo chote cha njano, cha waridi au cha kijani-bluu. Rangi moja haifiki. Kwenye VGA pini 1 ni nyekundu, 2 kijani, 3 bluu. Bluu ikikatika kioo kinakuwa cha njano. Bana waya vizuri kwa zile skrubu zake, au badilisha.

Kipimo ni sahihi lakini herufi ni ndogo mno. Usishushe rezolusheni. Panua kwa "Scale", weka 125% au 150%. Herufi zinakua na zinabaki safi.

Dirisha limepotelea nje ya kioo. Bonyeza Alt na Tab ulichague, kisha kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia kulivuta. Au Alt na Space, halafu M, gusa mshale wowote, kisha sogeza mausi.

UKITUMIA TV BADALA YA MONITA

Hii iko sana majumbani. TV nyingi zinakuza picha kidogo na kukata kingo, unakuta kitufe cha Start kimepotea nusu. Ingia kwenye menyu ya TV sehemu ya ukubwa wa picha, tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1". Majina yanatofautiana kwa kampuni. Kama TV inakuruhusu kulipa tundu jina, liite "PC". Na angalia kipimo chake halisi, maana TV ndogo nyingi ni 1366x768 hata kama boksi lake limejaa maneno makubwa.

KWA MTEJA WA KAFE

Wewe umekaa kwenye mashine ya watu, huruhusiwi kubadilisha mipangilio, na kitufe cha kutuma fomu hakionekani. Shikilia Ctrl ugonge alama ya kutoa, ukurasa unapungua mpaka kitufe kinatokea. Ctrl na sifuri inaurudisha. F11 inaficha vile vibao vya juu upate nafasi zaidi, na F11 tena inavirudisha. Kitufe cha Tab nacho kinakuhamisha kutoka kisanduku kimoja hadi kingine hata kwenye sehemu usiyoiona. Ukishindwa, mwite mhudumu mapema, usisubiri muda uishe.

UKINUNUA YA MTUMBA

Usilipe kabla haijawashwa mbele yako kwa dakika kumi hivi, ipate joto. Iweke kwenye kipimo chake cha haki, fungua ukurasa mweupe kisha mweusi, tafuta vidoti vilivyokufa na mistari. Soma kibandiko cha nyuma: iandikwe 100-240V. Ikiwa imeandikwa 110 au 120V tu, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230V unaiunguza. Hesabu matundu, uhakikishe linalingana na la CPU yako.

Kama bado una chogo, usifungue kifuniko chake hata kama imechomolewa. Zile za rangi hutumia umeme unaopita volti 20,000 ndani ya kioo, na mwingine unabaki humo baada ya kuzimwa.

Kwa hiyo mdau, kabla hujatamka kwamba monita ni mbovu, fanya kile kipimo cha nembo. Ikionekana nembo, hela yako ibaki mfukoni, kaa chini urekebishe vipimo.

Mwenye swali aandike hapo chini kwenye maoni, ataje modeli ya monita, aina ya Windows na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Ukisema "haiwaki" tu, wadau watashindwa kukusaidia. Na mwenye njia nyingine aliyoijaribu ikakubali, tuwekee hapo tujifunze wote.

Tupo pamoja.